Jumanne Ambayo Hosea Mgaya Alikuwa Hai

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu mliotoka Bumbuli, Muheza na Njombe, majirani wa Makorora, na ninyi wanahabari mlioacha kazi zenu mkaja kukaa nasi, familia inawasalimu.

Aliyemwambia Jenifa kwanza kwamba mumewe Hosea amefariki dunia ni jirani yake Mwatumu, mchana wa Jumanne tarehe 11 Machi 2025, na Mwatumu naye alikuwa amesoma kwenye simu. Historia za namna hii huanza na kuzaliwa, lakini marehemu kwa miaka zaidi ya sita alianza kila asubuhi na kosa la jana kabla ya kugusa habari ya leo, na familia imeona si vema siku yake yeye ifuate utaratibu wa mtu mwingine. Kosa lenyewe ni kwamba Jumanne hiyo Hosea alikuwa hai. Mengine yatafuata kwa mpangilio wake.

Hosea Daniel Mgaya alizaliwa Jumatatu tarehe 4 Agosti 1986 katika kambi ya wakata mkonge wilayani Muheza, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Daniel Mgaya, aliyetoka Njombe kijana kwa ajili ya kazi ya mkonge na hakurudi tena, na wa Mama Bertha, binti wa wakulima wa Bumbuli, aliyekuwa akishuka kambini kuuza kabichi mpaka siku moja kabichi zikapanda gari kurudi na yeye akabaki. Alibatizwa Krismasi ya mwaka huohuo, na baada yake akazaliwa Noa, ambaye ndiye anayesoma hapa mbele yenu.

Katika kambi ile redio iliyosikika bila kukwaruza ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya mnyapara, na kwa kuwa watu wazima walirudi shambani wamechomwa na miiba na hawakuwa na nguvu za kupanda hadi barazani kwake, Hosea akiwa na miaka tisa alipewa kazi ya kwenda kusikiliza taarifa ya habari na kuja kuisema, naye aliisema kwa sauti ya mtangazaji, na vikohozi vyake, mpaka watu wakawa wanamngoja ndipo wale. Jioni moja ya mwaka 1995 timu ya mkoa ilikuwa ikicheza, ikawa inaongoza kwa bao moja, na Hosea, akiogopa mtoto mwingine asije akamtangulia, aliondoka barazani mpira haujaisha, akashuka mbio akipiga kelele kwamba tumeshinda. Watu waliimba, na baba yake mkubwa, Mzee Luka, ambaye tunaye hapa, alichinja jogoo wake kwa furaha, na jogoo bado yumo chunguni mnyapara akapita na uso umemshuka, akauliza hawa wanashangilia nini na wenzao wamefungwa mawili.

Mzee Daniel hakumpiga. Asubuhi yake, kabla ya shule, alimshika mkono akampeleka mlango kwa mlango, na kila mlango Hosea alitakiwa kusema, "Shikamoo, jana nilikosea, tumefungwa," bila kuongeza neno la kujitetea. Mlango wa Mzee Luka ulikuwa wa mwisho, naye alimjibu, "Marahaba, sasa mrudishe jogoo wangu, na manyoya yake," na tangu siku ile hakumwita tena Hosea kwa jina, alimwita Jogoo, akamwita hivyo hata siku ya harusi yake mbele ya wakwe.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kambini kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, sekondari Muheza mjini 2001 hadi 2004, kidato cha tano na cha sita Lushoto, ambako alikuwa akishuka kwa bibi yake Bumbuli kila likizo kwa sababu nauli ya kurudi nyumbani ilikuwa ya kutafuta, na mwaka 2007 akaenda Dar es Salaam kusomea uandishi wa habari, akamaliza stashahada yake mwaka 2009, mwaka ambao Mzee Daniel alifariki. Mzee alikuwa amewahi kumsikia mwanawe redioni mara moja tu, akiwa kwenye mafunzo, akisoma hali ya hewa, na inasemekana alitoka nje akatazama mbingu ahakikishe.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye redio moja ya hapa Tanga, mwaka 2010, na mwaka 2012 alichukuliwa na gazeti moja la Dar es Salaam, ambako alipewa jambo ambalo wenzake hawakulitaka, nalo ni kuandika habari za vyombo vya habari vyenyewe, nani anavimiliki, watangazaji wanaishi vipi, gazeti limefungwa kwa nini, na hasa habari iliyoandikwa na wengi imetoka kwa nani. Haikuwa kazi ya kupendwa. Wenzake walikuwa wakimwona anaingia mkutanoni wanaambiana, "Mwosha vyombo huyo kaja, ficheni masufuria," naye alikuwa akijibu, "Nyie vichafueni tu, mimi nipate ugali."

Mwaka 2016 magazeti na redio tano zilitangaza kwamba ukuta wa msikiti wa kale pale Tongoni umeanguka kwa mvua, na watu wakahojiwa wakasikitika, na msomi mmoja akaeleza hasara yake, ndipo Hosea akapanda basi kutoka Dar es Salaam akaenda Tongoni kujionea mwenyewe. Alimkuta Bibi Saleha, mwenye nyumba jirani na magofu, anaanika muhogo, akamwamkia, akamuuliza habari ya ukuta, na Bibi Saleha akamtazama kamera yake na viatu vyake akasema, "Marahaba mwanangu, na wewe umekuja kuuzika ukuta? Basi ngoja ufe kwanza, maana upo pale, unanitazama." Ukuta ulikuwa umesimama. Hosea alifuatilia zile habari tano akakuta zote zimetoka kwa mtu mmoja aliyepita barabarani wakati wa mvua akaona mnazi umeanguka, na tangu hapo alipenda kusema kwamba habari moja ikivaa kanzu tano haiwi watu watano.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 alirudi Tanga kwa hiari yake, akapanga chumba Makorora, na Jumatatu tarehe 1 Oktoba 2018 alianza kutoa podikasti yake ya kila siku, aliyoiita Habari za Habari, ambayo watu waliisikiliza kwenye simu asubuhi wakienda kazini. Ilianza kwa maneno ambayo wengi wenu mnayajua, "Kwanza, tulichokosea jana," na kama hawakukosea alisema hawakukosea, lakini siku hizo zilikuwa chache. Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, jina la aliyekufa halitajwi mpaka wa nyumbani kwake awe ameambiwa na mtu, kwa mdomo. La pili, kosa halifutwi, linasahihishwa, kwa sababu alisema ukifuta, yule aliyedanganyika jana atabaki amedanganyika peke yake.

Jenifa alimfahamu kwa kazi. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, amemaliza darasa la saba, mama yake Anastazia amekwishafariki, naye ni fundi cherehani kwenye kibaraza kimoja cha Usagara, na Hosea akamletea mablanketi matatu mazito akitaka yashonwe pamoja yawe pazia la kuzuia sauti, lakini hakusema hivyo, alisema tu anataka pazia. Jenifa akamuuliza dirisha lake lina upana gani, Hosea akasema halina dirisha. Mwenye kibaraza alicheka mpaka akaweka mkasi chini, akasema, "Jeni, mpimie huyu kaka, pengine pazia ni lake la kuvaa." Pazia hilo alilirudisha kupunguzwa mara tatu, na mara ya tatu halikuwa na cha kupunguzwa.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 2019. Mungu aliwajalia watoto wawili, Innocent, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 2020, na binti aliyezaliwa tarehe 24 Februari 2025, ambaye habari ya jina lake inakuja. Katika miaka yote hiyo Jenifa alikaa upande wa pili wa pazia kila alfajiri, akimtuliza mtoto ili asilie wakati baba anarekodi, na kwa kuwa ni mtu ambaye hata kwenye umoja wa wanawake akiambiwa aongoze sala husema mwenzangu ataomba, sauti yake haikuwahi kusikika humo, isipokuwa siku moja alipopiga chafya, na Hosea akaiacha.

Mwaka 2020 alijiunga naye Kristofa, aliyetoka kwenye redio, akawa mshiriki wake, akipanga sauti na kuitoa, na siku Hosea anapoumwa akiiendesha yeye. Marehemu alimpenda kama ndugu. Kristofa ameomba yeye mwenyewe kwamba jina lake litajwe katika yatakayofuata, akasema likirukwa hatakuja kuzika.

Ugonjwa ulianza mwaka 2023 kwa kuvimba miguu, na baada ya vipimo ikaonekana ni figo, ndipo akaanza kwenda hospitali kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki, na siku hizo alirekodi mapema zaidi, akisema damu inaweza kungoja lakini kosa la jana haliwezi. Mwezi Februari mwaka huu hali ilibadilika, na binti yake alizaliwa yeye akiwa amekwishalazwa, kwa hiyo hakuwa amemwona. Nyumbani mtoto aliitwa Mtoto tu, kwa kuwa jina lilikuwa la baba kutoa, na wazee wa ukoo walikuwa wametulia, wakijua kwamba binti wa kwanza ni wa mama mzaa baba, ataitwa Bertha, hakuna la kujadili.

Jumanne tarehe 11 Machi asubuhi, pumzi ilimsumbua, madaktari wakamhamishia chumba cha uangalizi maalumu, na Noa akaenda naye. Mchana Kristofa alifika wodini kumwona, akakuta kitanda kitupu, godoro limekunjwa na linafutwa, na hakumuuliza mtu. Kristofa anasema hajui kwa nini hakuuliza, mtu ambaye kazi yake yote ni kuuliza. Alitoka akaketi kwenye korido akilia, akamwandikia mwanahabari mmoja aliyekuwa rafiki yao kwamba Hosea ametutoka, na rafiki akapeleka kwenye kundi la wanahabari, na kutoka pale kurasa za habari mtandaoni na redio moja zikaitangaza, jumla yake vyombo vitano. Kristofa alipofungua simu yake akaona vyombo vitano vimesema jambo hilohilo, akaona basi, limethibitika, akaliandika kwenye ukurasa wa Habari za Habari, wasije wakawa wa mwisho kutangaza msiba wao wenyewe. Alichokisoma kilikuwa chake.

Jenifa wakati huo alikuwa uani anafua nepi. Mwatumu aliingia, simu kaifunika kwenye mtandio, akasema, "Jeni, acha hizo, njoo ukae." Jenifa akasema, "Nasikia hapahapa, dada." Mwatumu akasema, "Hapana, hili la kukaa." Jenifa alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, Mwatumu akajaribu kusema ikashindikana, akampa simu asome mwenyewe, na Jenifa alisoma jina la mumewe, na umri wake, na picha yake ikiwa imezungushiwa mstari mweusi. Alilia siku ile mpaka sauti ikakatika. Alilia mpaka maziwa yakakauka kwa muda na Mwatumu akamtafutia mtoto mtu wa kumnyonyesha, na majirani, ambao wengi wao wamo katika mwezi mtukufu na walikuwa na swaumu, walisimamisha turubai, wakakopa masufuria, wakapika wali ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa hata kuonja chumvi yake.

Karibu saa kumi alasiri Noa alitoka nje ya chumba cha uangalizi, akawasha simu yake, akakuta anapewa pole. Alipiga nyumbani, simu ikapokewa na Mwatumu, na Noa akasema, "Pole ya nani? Kaka yupo, anataka maji." Mwatumu aliiweka simu chini, akatoka mpaka katikati ya turubai akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, "Jamani, maiti anataka maji."

Jenifa alifika hospitali akiwa bado amejifunga kanga ya msiba, macho yamevimba, Mtoto mgongoni, na Hosea, aliyekuwa na mpira wa hewa puani lakini akili zake zote, alimtazama akauliza, "Nani kafa?" Jenifa hakuwa na sauti. Noa akasema, "Wewe, kaka." Hosea alicheka mpaka muuguzi akaja kumkemea, kisha akauliza, "Nani kathibitisha?" Noa akasema, "Vyombo vitano." Hosea akasema, "Na hivyo vitano vimemnukuu nani?" Kristofa, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi, akasema, "Mimi."

"Umefuta?"

"Nimefuta, kaka. Palepale."

"Kumbe kosa umefanya mara mbili," Hosea akasema, lakini alisema kwa upole, na akamnyooshea mkono. "Kesho useme. La kwanza kabisa. Sema uliondoka mpira haujaisha."

Watoto wachanga hawaruhusiwi katika chumba kile, lakini muuguzi yule, ambaye hakutaka tumtaje, alimwambia Jenifa amfungue mtoto mgongoni upesi, na Hosea akamshika binti yake kwa mara ya kwanza, akamtazama muda mrefu kama mtu anayesoma, akasema aitwe Anastazia. Noa akamkumbusha habari ya Mama Bertha na desturi, naye akasema, "Mama yangu yupo, jina lake analitumia mwenyewe. La mama yake Jeni halina wa kulibeba." Ilikuwa Jumanne jioni. Waliosikia ni Jenifa, Noa, Kristofa na muuguzi. Nyumbani Makorora jua lilikuwa linazama, na wali wa msiba ukaliwa kuwa futari, turubai likateremshwa, na Mwatumu akasema hajapata kufuturu kwa furaha namna ile tangu azaliwe.

Jumatano asubuhi podikasti haikutoka. Kristofa aliingia nyuma ya pazia, akakaa, akawasha, akazima, na hakuweza. Mchana hali ya Hosea ilianza kushuka, akalala, na jioni ya Jumatano tarehe 12 Machi 2025, Jenifa akiwa ameketi karibu naye, na Mwatumu akiwa korido amembeba Anastazia, ana tende mkononi anangoja adhana ya magharibi, na kwaya yetu ikiwa katika ibada ya Kwaresma, Hosea alifariki dunia. Madaktari waliandika saa, na Mwatumu anasema saa hiyo ni sahihi, kwa sababu adhana ilianza na ile tende hakuila.

Turubai lilirudishwa katika mashimo yaleyale. Wapo waliosema mke hakulia, na familia inasema ni kweli, hakulia. Alikuwa ameshalia. Alifika nyumbani akakuta nepi alizoziacha Jumanne bado zimo kwenye beseni, akazisuuza, akazianika, na watu waliokuja kumshika mikono aliwapa mikono, na akiulizwa kama amekula alisema amekula, na akiulizwa alichokula hakukijua.

Jioni hiyohiyo wazee wa ukoo walikaa. Fundi wa msalaba alikuwa ameshautengeneza msalaba, kwa kuwa aliambiwa tangu Jumanne, akaandika tarehe 11, na aliposikia habari imegeuka hakujua aupeleke wapi, akauweka kwake ukutani, umegeuzia uso ukuta, na sasa aliuleta. Mzee Luka alisema siku moja si kitu, mauti ni mauti, pole zote zimeandikwa tarehe 11, watu wa Njombe wameambiwa tarehe 11, msalaba una tarehe 11, tusiwachanganye watu. Kristofa aliulizwa kama podikasti itasahihisha, akasema, "Ile habari imekwishakuwa kweli, wazee. Nitasahihisha nini?" Na kuhusu mtoto, Mzee Luka alisema mtu ambaye msiba wake umetangazwa hatoi jina, jina litatoka kwa wazee, na ni Bertha.

Mama Bertha, ambaye tangu Jumanne alikuwa amefiwa na mwanawe mara mbili, alisema maneno machache. Alisema, "Luka, mtoto yule alizungushwa kambi nzima kwa ajili ya jogoo wako. Na siku yake yeye, azunguke nani?" Mzee Luka hakubadilisha neno, na kikao kikaisha. Jenifa alikuwa kwenye mkeka pembeni, ananyonyesha. Hakuulizwa, na hakusema. Siku ile ya Jumanne aliijua kwa mikono yake, alimfungua mtoto mgongoni kwa mikono hiyo, na sasa aliona inachukuliwa taratibu, na watu wenye nia njema, kama wanavyokusanya vikombe.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi walioilinda pumzi ya marehemu hadi mwisho wake wa kweli, na kwa muuguzi yule aliyevunja sharti moja la mlango. Inawashukuru majirani wa Makorora, waliopika mara mbili na kufunga turubai mara mbili wakiwa na swaumu, Mungu awalipe swaumu zenu. Inawashukuru wanahabari wote, vikiwemo vile vyombo vitano, ambavyo vitatu vimekwishasahihisha kwa maandishi, na viwili tunaendelea kuvingoja. Inamshukuru Kristofa, kwa sababu ni vigumu kuja kukaa hapa, naye amekaa tangu mwanzo.

Limebaki la Alhamisi.

Alhamisi tarehe 13 Machi, alfajiri, saa ile ambayo Hosea alikuwa akiamka, Jenifa aliamka. Wanawake waliolala chumbani walimwona akivuka miguu yao na mtoto begani, wakadhani anatoka nje kujisaidia. Aliingia nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha mumewe, akawasha simu kama alivyomwona akiwasha, na kwa kuwa hakukuwa na mtu upande wa pili wa kumtuliza mtoto, mtoto alilia, na kilio chake kimo. Sauti yake ilikuwa haijarudi vizuri. Alisema hivi, na tunayasoma maneno yake kama yalivyo:

"Kwanza, tulichokosea jana na juzi. Tulisema Hosea Mgaya amefariki Jumanne. Si kweli. Jumanne alikuwa hai, aliomba maji, alicheka, na alimpa binti yake jina, ni Anastazia. Alifariki Jumatano jioni. Tulikosea kwa sababu hatukuuliza. Mimi ni mke wake. Habari nyingine sina."

Alitoka akampa Kristofa simu, naye Kristofa, aliyekuwa amelala kwenye kiti chini ya turubai, alisikiliza mara moja akaitoa bila kukata kitu, na kabla chai haijachemka simu zilikuwa zinasema pale uani, moja hapa, moja kule, sauti ileile ya Jenifa na kilio kilekile, mpaka mmoja akampelekea Mzee Luka yake sikioni. Mzee Luka alisikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe, kisha akaipangusa simu kwa shati lake akairudisha kwa mwenyewe, akasema, "Haya. Mpeni Jogoo siku yake."

Fundi alitaka kuupaka msalaba rangi nyeupe upya ili aandike upya. Jenifa alitikisa kichwa. Alichukua brashi ndogo, akachuchumaa mbele ya msalaba na mtoto mgongoni, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya 11, ambayo bado inasomeka, na pembeni yake akaandika 12, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, ulionyooka. Mtakapofika makaburini mtauona hivyo, msidhani ni uchafu. Kisha akaosha brashi, akaenda kuanua nepi.

Pumzika sasa, Hosea. Mpira umeisha.